Maswali yenu: Binti kaianika timu yake ya chuo, baba anataka afute

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, mchezaji katoka timu ya chuo halafu anasema hadharani yaliyokuwa yanafanyika ndani. Nimechagua tatu. Ya kwanza ni ndefu na nimeiacha hivyo hivyo kwa sababu mama kaeleza vizuri, nilichotoa ni jina la chuo tu na vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu.

SWALI

Dada habari za kazi. Naandika kutoka Dallas, tuko huku mwaka wa kumi na tano sasa, mimi na mume wangu wote ni watu wa Moshi. Binti yetu anacheza voliboli, ni libero, yule mlinzi wa nyuma, alipata skolashipu chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza, lile daraja la juu la michezo ya vyuo huku, akacheza misimu miwili. Desemba alirudi nyumbani akasema harudi tena kule, kajiandikisha kwenye ile potali ya uhamisho, ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Tukimuuliza kwa nini anasema nimechoka tu mama.

Mwezi uliopita niko kazini, mimi nafanya zamu za usiku nyumba ya wazee, simu ikaanza kutetemeka kila dakika mpaka nikaogopa nikajua kuna msiba. Kumbe mtoto kaweka Instagram maelezo, slaidi kumi, kuhusu timu yake ya zamani. Kasema mazoezi ya Jumapili yaliitwa ya hiari lakini kwenye mlango wa jimu palibandikwa karatasi ina majina yao yote, ukija unawekewa tiki, usipokuja Jumatatu unakimbia ngazi mpaka utapike. Kasema walikuwa wanapimwa uzito mbele ya wenzao na namba inasomwa kwa sauti. Kasema kuna mechi mpira ulimgonga juu ya sikio akawa anaona taa mbili mbili, kocha akamuuliza unauona wavu, akajibu ndio, akarudishwa seti ya nne. Na kasema kuna mwenzake, hakutaja jina ila kataja namba ya jezi, alikuwa anatapika chooni kila baada ya kula na makocha walijua.

Sasa hapo ndo moto ukawaka. Wapo wachezaji wa zamani wanaomwambia asante, wapo wanaomwita msaliti, mzazi mmoja kaandika kwa nini hukusema wakati unakula skolashipu yao. Makocha watatu wa vyuo vingine waliokuwa wanampigia sana wamenyamaza ghafla. Kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya yetu watu wanaulizana huyu mtoto kalelewa vipi, na baba yake kakasirika, kila siku ni usitukane wakunga na uzazi ungalipo, anataka afute yote na aandike kuomba radhi.

Mimi dada nilipofika pale pa mpira wa sikio nililia. Usiku ule alinipigia simu akasema mama kichwa kinaniuma sana, mimi nikamwambia kunywa maji ulale. Naomba unisaidie, binti yangu kakosea? Afute?

*Mama wa libero, Dallas*

JIBU

Mama wa libero pole sana. Naanza na hayo maji kwa sababu naona ndo yanakuuma kuliko Instagram. Ulijibu kama mama aliye mbali, usiku, ambaye hakuambiwa kwamba mtoto kapigwa mpira kichwani, uliambiwa kichwa kinauma tu. Waliouona ule mpira unamgonga walikuwa mita chache kutoka kwake. Kwa hiyo huo mzigo usiubebe wewe. Ila kama bado anapata maumivu ya kichwa, au mwanga unamsumbua, au anasahau sahau vitu, mpeleke kwa daktari hata kama imepita miezi, na umweleze daktari tarehe ya ile mechi.

Sasa nijibu swali. Asifute. Lakini kuna slaidi moja lazima aiondoe leo, nitafika huko.

Kwanza hili la "kwa nini hukusema ukiwa ndani". Linaniudhi kweli kweli kwa sababu wanaoliuliza wanajua jibu. Kule Marekani kwa miaka mingi skolashipu ya mchezaji mara nyingi ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, chuo kikiamua kila mwaka kama kinaiendeleza na mchezaji akitakiwa aarifiwe kufikia Julai 1. Anayependekeza aendelee au asiendelee ni kocha. Anayeamua nani acheze ni kocha. Anayepigiwa simu na chuo kingine kuulizwa huyu binti tabia yake ikoje ni kocha huyo huyo. Halafu tunamtaka mtoto wa miaka kumi na tisa asimame katikati ya msimu aseme kocha unatuumiza, na mama yake yuko kazini zamu ya usiku akijua angalau ada ya shule imelipwa. Huyo akisubiri mpaka atoke sio mwoga wala msaliti, kasubiri kwa sababu kabla ya hapo kila njia ya kusema ilipita mkononi mwa mtu anayemlalamikia.

Na nitakwambia kitu changu. Mimi nilicheza seta, yule anayewainulia wenzake mipira wapige, miaka minne kwenye timu ya chuo, huku nyumbani, chuo sikitaji. Mwaka wa pili mwenzangu aliyekuwa anacheza katikati alipiga bloku kidole kikageuka kikaangalia pembeni kabisa. Kocha akamvuta kile kidole pale pale kwenye benchi, akakifunga na plasta pamoja na kidole cha jirani, akamwambia ingia. Akaingia. Mimi ndo niliyekuwa nampigishia mipira, na nilikuwa namuona anafunga macho kila akipiga. Nikaendelea kumpigishia, sikusema lolote siku ile, na nilipomaliza chuo pia sikusema. Kile kidole mpaka leo hakikunji. Tukikutana anashika kikombe cha chai kidole kimenyooka hivi, na mimi naangalia pembeni. Kwa hiyo mtoto akitoka akasema, mimi moyoni niko upande wake kabla sijasoma slaidi ya pili, naomba ujue hilo ili ujue na jinsi ya kunisikiliza.

Baba yake mwambie, kwa heshima zote, kwamba kumtukana mkunga ni kitu kimoja na kusema mkunga aliniumiza ni kitu kingine. Kwenye ulichoniandikia sijaona tusi hata moja. Na asidhani hivi ni vitoto vinarusha mpira tu. Voliboli ya vyuo huko imekuwa kitu kikubwa mno, Agosti 30, 2023 chuo cha Nebraska kiliweka wavu katikati ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani mjini Lincoln na watu 92,003 wakaja kuangalia wanawake wanacheza. Jina la timu pale ni mali, na mtu akiligusa watamjia juu, awe kasema kweli au uongo. Kelele anazosikia kwenye grupu haziwezi kumwambia kama binti yake kasema kweli.

Twende kwenye slaidi zenyewe.

La Jumapili liko wazi kuliko yote. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinataka msimu ukiwa unaendelea mazoezi yasizidi saa 4 kwa siku na saa 20 kwa wiki, na wiki lazima iwe na siku moja ya kupumzika. Mazoezi ya hiari hayahesabiwi, na ndo mwanya unaotumika, ila neno hiari lina maana yake kwenye kanuni. Mchezaji ndo aombe mwenyewe, asilazimishwe kutoa taarifa kwa kocha, mahudhurio yasiandikwe ili kocha apelekewe, na asiyekuja asiadhibiwe. Sasa karatasi mlangoni yenye majina na tiki, halafu Jumatatu ngazi, hiyo hiari ya wapi? Kama kuna mtu ana picha ya ile karatasi kwenye simu yake, hiyo picha ina uzito kuliko slaidi zote kumi.

La sikio ndo zito. Tangu 2010 NCAA inataka kila chuo kiwe na utaratibu wa majeraha ya kichwa, na msingi wake ni kwamba mchezaji akionyesha dalili anatolewa, anapimwa na mtu wa afya, na ikithibitika kwamba ubongo umetikiswa harudi uwanjani siku ile. Kocha kuuliza unauona wavu sio kipimo. Libero mwenyewe atakwambia wavu anauona hata akiwa amelala, swali ni anaona nyavu ngapi. Hapa binti yako asiseme zaidi ya anachokijua. Kama hakupimwa na mtu wa afya aseme hakupimwa. Kama alipimwa kidogo aseme alipimwa kidogo. Na kumbukumbu zake za matibabu chumba cha tiba cha timu aziombe kwa maandishi. Rekodi zinazomhusu zilizoko chuoni ana haki ya kuziona, sheria ya faragha za wanafunzi ya 1974 inawapa chuo siku zisizozidi 45 wamwonyeshe, na hata kama watasema za matibabu zina taratibu zake bado anaweza kuzipata kupitia daktari wake. Kama siku ya ile mechi hakuna kilichoandikwa, ukurasa mtupu nao ni ushahidi.

Kupimwa uzito mbele ya watu, hili aliseme kama lilivyomtokea yeye. Siku gani, wapi, nani alisoma namba, yeye alijisikiaje. Inatosha.

Sasa ile slaidi ya mwenzake anayetapika. Mama, hiyo aitoe. Kutotaja jina na kutaja namba ya jezi ni sawa na kutaja jina, orosta ya timu, yaani orodha ya wachezaji, iko wazi kwa kila mtu na namba ziko pale na picha juu. Yule binti pengine mama yake hajui. Pengine yuko kwenye matibabu, pengine hajaanza, na sasa kafungua simu kakuta ugonjwa wake unajadiliwa na watu wasiomjua. Binti yako kakasirika kwamba uzito wake ulisomwa kwa sauti mbele ya wenzao, halafu na yeye kasoma cha mwenzake kwa sauti mbele ya nchi nzima. Najua hakukusudia, najua alitaka kuonyesha makocha walijua wakakaa kimya, na inawezekana kabisa walijua. Lakini hiyo habari sio yake. Aitoe, kisha ampigie yule mwenzake simu, asimtumie meseji, ampigie, amwambie nimekosea. Radhi anayodaiwa ni hiyo moja tu, na haihusiani na kocha.

Nikupe mifano miwili ya huko huko ili uone maneno ya hadharani yanaenda wapi.

Agosti 2022 mchezaji mweusi wa chuo kikuu cha Duke alisema alitukanwa matusi ya ubaguzi wakati anaanzisha mpira kwenye uwanja wa BYU, chuo kikuu cha Brigham Young, kule Provo, Utah. Habari ikaenda dunia nzima kwa siku mbili. BYU wakamfungia mtazamaji mmoja, halafu wakachunguza wakapitia video na kuhoji watu zaidi ya 50, Septemba wakasema hawakupata wa kuthibitisha kusikia, wakamfungulia yule mtazamaji. Duke wakasema wanasimama na wachezaji wao. Yule binti aliulizwa athibitishe alichosikia kwa masikio yake kwenye ukumbi uliojaa kelele, mtu anathibitishaje hicho? Ndo maana nasisitiza nani mwingine alikuwepo. Sio kwamba asiye na shahidi ni mwongo, ila akiwa peke yake atabebeshwa mzigo wote peke yake.

Mfano wa pili ni chuo kikuu cha Oregon, voliboli ya ufukweni. Wasichana wa pale walianza kusema hadharani kwamba wanafanya mazoezi na kucheza kwenye bustani ya umma, mchangani kuna uchafu, vyoo havina milango, na wakati ule NCAA iliruhusu timu kama yao ipewe skolashipu hadi 6 kamili lakini wao hawakuwa na hata moja, na chuo hicho hicho timu ya futiboli inaishi kifalme. Desemba 2023 wanawake 32, wachezaji 26 wa voliboli ya ufukweni na 6 wa kupiga makasia, wakafungua kesi kwa sheria ya Title IX ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu. Chuo kilikanusha kuvunja sheria. Lakini angalia walivyosema. Mlango wa choo upo au haupo. Skolashipu ni ngapi. Haya mtu anaenda anahesabu mwenyewe hata kama hampendi anayesema, na walisema wengi kwa pamoja.

Kwa hiyo binti yako abaki na slaidi zake, abadilishe kidogo, kila jambo aliwekee mwezi na mwaka, atenganishe niliona na niliambiwa. Halafu aandike barua, kitu tofauti na posti, aipeleke kwa mwalimu anayeitwa mwakilishi wa kitaaluma wa michezo, kila chuo cha NCAA lazima kiwe naye na hayuko chini ya kocha, na nakala kwa ofisi ya kanuni za michezo. Posti inasikilizwa wiki moja. Barua iliyopokelewa lazima mtu aijibu au aeleze kwa nini hakuijibu.

Kuhusu hao makocha watatu, asikae anasubiri simu. Awaandikie yeye, mistari michache, kwamba mmeona nilichoandika, nimekiandika kwa sababu hii, hizi hapa video zangu za msimu uliopita, nikija kwenu nitapenda kujua nani ana neno la mwisho mchezaji akiumia kichwa. Atakayemkimbia kwa swali hilo mama mwacheni aende. Jueni tu kwamba mchezaji akishatoa taarifa ya kuhama chuo cha zamani kinaruhusiwa kusitisha ufadhili wake muhula ukiisha, kwa hiyo suala la ada mlikalie sasa hivi.

Na baba, namwomba aisome slaidi ya sikio, wakae wawili tu na binti yake, asome mpaka mwisho bila kusema kitu.

SWALI

Sasa dada. Mimi natoka Nandi na niko kwa junior college fulani, chuo cha miaka miwili, hapa Kansas, niko na F-1, viza ya mwanafunzi, nacheza voliboli, spaika yaani mshambuliaji. Kuna mwenzetu aliacha timu akaenda kwa TikTok akaongea vibaya juu ya kocha, mambo mengine ni ukweli kabisa na mengine naona aliongeza chumvi. Sasa kocha ametuambia kila mtu apost picha yake na timu aandike vile timu ni familia, na kuna barua ya kusign. Nilimwambia nitafikiria, akaniambia kumbuka ni nani alikuleta hapa. Dada naogopa anaweza nirudisha nyumbani? Mzazi wangu aliuza ng'ombe nikapata tiketi.

*Spaika mwoga*

JIBU

Mdogo wangu, kwanza wewe sio mwoga, mwoga angekuwa ameshasaini zamani.

Kocha alikutafuta, akakupendekeza, ukapata nafasi. Lakini fomu yako ya I-20, ile iliyokupa viza ya masomo, haikutoka kwa kocha, ilitolewa na chuo, na anayeshughulikia hadhi yako kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni, ni ofisa wa wanafunzi wa kimataifa. Ukiwa unasoma muda wote unaotakiwa na hujavunja masharti, kocha hana kitufe cha kubonyeza ukajikuta uwanja wa ndege. Kukataa kupost picha hakumo kwenye masharti ya viza.

Ila nisikudanganye kwa kukufariji. Pesa ya skolashipu inawezekana ndo imeandikwa kwenye I-20 yako kama uwezo wako wa kusoma, kwa hiyo ikikatwa itabidi pengo lizibwe. Hapo ndo ana nguvu, kwenye pesa. Kwa hiyo wiki hii, kabla hakujaharibika kitu, nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ukakae na yule ofisa. Huendi kumshtaki mtu, unaenda kuuliza tu, ufadhili wangu wa michezo ukisimama nifanye nini na nina muda gani, na nikitaka kuhamia chuo kingine rekodi yangu ya SEVIS inahamishwaje. Kuhama kunafanyika na wengi wanafanya, ila rekodi ihamishwe kwa utaratibu, usiache shule kwanza ndo uanze kutafuta nyingine. Na tafadhali, mtu akikwambia kuna kazi ya kulipwa mkononi mjini uzibe pengo, kataa, hiyo ndo inaweza kukurudisha Nandi kweli.

Barua usisaini kama kuna sentensi hata moja unayojua sio kweli. Mwambie kocha hivi, kwa adabu zote za nyumbani, kwamba kocha nakushukuru kwa kunileta, nitakuja mazoezini kila siku na nitacheza kwa nguvu zangu zote, ila juu ya yale mambo sitaandika lolote, wala la kumuunga mkono yeye wala la kukuunga mkono wewe. Halafu ukifika chumbani andika kwenye daftari tarehe, ulichosema, alichojibu. Ile ya "kumbuka ni nani alikuleta" iandike pia na siku yake.

Na yule mwenzenu wa TikTok, kwa yale mambo ya kweli, mtumie meseji ndogo tu ya kumjulia hali. Usimjadili kocha. Watu wakitoka timu hivyo simu zao huwa zinakaa kimya sana.

SWALI

Dada Salama. Nilichezea timu ya chuo kikuu cha umma hapa Kenya na nimemaliza. Kila tukienda mashindano ya vyuo tulikuwa tunaambiwa pesa ya posho haijatoka, tunapewa mkate na soda, tunalala sakafuni kwa darasa la shule ya msingi, na tunajua kila mwanafunzi analipa pesa ya michezo kwa ada. Kuna wakati tulisainishwa karatasi tupu. Nataka kuandika Facebook nimwage mtama wote lakini beshte yangu ananiambia nitafungwa. Ni ukweli?

*Aliyelala sakafuni*

JIBU

Salama ndugu yangu. Beshte yako anazungumzia sheria ya zamani. Kile kifungu cha kumfunga mtu jela kwa kashfa Mahakama Kuu ya Kenya ilikitupa Februari 2017. Kesi ya madai bado ipo, yaani mtu akisema umemchafulia jina anaweza kukudai fidia, na zipo sheria za mitandaoni zinazogusa habari za uongo, kwa hiyo ukiandika fulani kaiba na huna karatasi umejiweka pabaya. Ukiandika tulilala sakafuni, tulipewa mkate na soda, tulisaini karatasi tupu, hayo yalikutokea wewe na mlikuwa wengi.

Ila mimi ningekuwa wewe nisingeanza na Facebook. Chuo chenu ni cha umma, na Kenya kuna sheria ya kupata habari ya 2016 ambayo watu hawaitumii kabisa, inampa kila raia haki ya kuuliza taasisi ya umma na taasisi ina siku 21 kujibu. Wasipojibu unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale watu wa Ombudsman, bila hata wakili. Andika barua ukurasa mmoja tu. Naomba kujua jumla ya ada ya michezo iliyokusanywa mwaka hadi mwaka kwa miaka niliyosoma, kiasi kilichotolewa kwa kila safari ya timu ya voliboli, na nakala za karatasi za malipo ya posho za wachezaji. Usiweke hasira, usiweke jina la mtu, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, upige na picha. Tafuta na wenzako watatu wanne mliolala wote sakafuni, kila mmoja apeleke yake siku hiyo hiyo.

Facebook utaandika baada ya hapo, ukiwa na majibu yao au ukiwa na muhuri wenye tarehe na siku 21 zimepita kimya. Na zile karatasi za malipo zikija, usianze kusoma kiasi cha pesa. Anza kushuka kwenye safu ya sahihi mpaka kwenye jina lako, uangalie kama uliyoyasaini yalikuwa matupu kweli siku ile, au kama kuna safari hukwenda na bado umesaini.